Sisi Hatukuwa na cha Kuangusha

Piki iliniponyoka kwenye ubeti wa pili. Nazungumzia piki ya gitaa, si pikipiki: kile kipande kidogo cha plastiki tunachoshika kati ya gumba na kidole cha shahada kupiga nyuzi. Ilikuwa harusi, ndani ya ukumbi mmoja huku Makadara. Watu walikuwa washaamka kucheza, na mimi ndiye nilikuwa kwenye solo. Vidole vililowa jasho, kipande kikageuka, kikaruka na kuingia chini ya spika. Nikabaki nimeshika hewa. Mpiga besi alinitazama vile makanga humtazama abiria aliyekaa hadi stage ya mwisho ndipo aseme hana nauli. Nikamalizia wimbo kwa gumba, sauti imeshuka nusu, na MC akauliza kwa maiki, "Gitaa, bado uko?" Ukumbi mzima ukacheka.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Maringo kumsalimia Kuka, babu yangu mzaa mama. Ana miaka 82 na aliwahi kupiga gitaa, jambo ambalo kwetu hutajwa tu kwenye matanga. Nilimweleza aibu yangu nikitarajia ushauri.

"Nini kilianguka?"

"Piki, Kuka."

"Hiyo ya kukwaruzia nyuzi?"

"Ndiyo, Kuka."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akapangusa macho na kusema, "Sisi hatukuwa na cha kuangusha."

Nilidhani ni zile jokes za wazee. Imenichukua miezi kuelewa kwamba nilimuuliza kuhusu mbinu, naye akanijibu kwa historia.

Tuanze na mbinu, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua. Piki huteleza kwa sababu uzi nao hurudisha nguvu. Unapoupiga, unaisukuma ncha upande mmoja, na kwa vile umeshika katikati, kipande chote kinataka kuzunguka kama usukani. Ukipiga kwenda chini kinazunguka huku, ukipiga kwenda juu kinarudi kule. Baada ya dakika mbili ncha haielekei tena kwenye uzi. Ukihisi hivyo unafanya kile nilichofanya miaka mitano: unabana. Ukibana, misuli inakaza mpaka kwenye kiwiko, jasho linaongezeka, na kila pigo linagonga kama nyundo. Na mwishowe piki inaruka bado.

Wanaojua huilaza kwenye ubavu wa kidole cha shahada kilichokunjwa, gumba likakaa bapa juu yake, ncha ikatokeza milimita chache tu. Halafu wanaishika vile unavyoshika kifaranga: asitoroke, na pia asife.

Mtaani kuna dawa zetu za kuteleza. Wengine huchora mistari kwa kisu. Wengine hutoboa tundu katikati kwa msumari uliochomwa jikoni, au hubandika kipande cha msasa au cha tyubu ya baiskeli. Piki yangu ya kwanza niliikata kwenye mfuniko wa Kimbo; ya pili ilitoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda, na hiyo ilikuwa fiti kuliko zote. Huko Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita, watu walikuwa washaanza kuuza piki zilizobandikwa koki na raba kwa shida hii hii. Jasho la vidole halina kabila.

Lakini kipande chenyewe kilitoka wapi? Hapa historia inatupeleka pwani, mahali ambapo sikutarajia.

Kabla ya plastiki, piki zilizosifiwa zaidi zilitengenezwa kwa gamba la kasa, yule aitwaye ng'amba. Gamba hilo ni gumu, linakunjika kidogo, na halitelezi sana kwenye ngozi. Na pwani yetu imeliuza kwa muda mrefu kupita kiasi. Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja gamba la kasa na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa zilizopatikana Rhapta, bandari ya kale ambayo wengi huiweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Sisemi gamba la Rhapta lilipiga gitaa. Gitaa lenyewe halikuwepo. Nasema tu kwamba malighafi ya hicho kipande ilikuwa inapakiwa majahazini hapa kwetu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuiita piki.

Pwani hiyo hiyo ilikuwa na kipigio chake. Mpiga udi wa taarab, awe Zanzibar, Lamu au Mombasa, hupiga kwa kitu ambacho Waarabu hukiita risha, maana yake unyoya. Zamani kilikuwa unyoya kweli, wa ndege mkubwa, uliochongwa kwenye shina lake. Tazama jinsi unavyoshikwa: ni mrefu, unalala ndani ya kiganja, vidole vimeufunika, na ncha tu ndiyo inachungulia. Unyoya kama huo hauna pa kukimbilia. Piki ya gitaa ni fupi, na ufupi wake ndio chanzo cha matatizo yangu.

Ufupi huo ulienezwa na viwanda. Mwaka 1922, huko New York, kampuni ya D'Andrea ilianza kukata piki za seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, na mojawapo ya maumbo yake, pembetatu yenye kona za mviringo iliyopewa nambari 351, ndiyo hadi leo inauzwa kwenye kila duka la ala. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mkataba wa CITES ulizuia biashara ya kimataifa ya gamba la ng'amba kwa sababu kasa walikuwa wanakwisha. Mwaka 1981 kampuni ya Dunlop ikaleta Tortex, plastiki iliyoundwa ichukue nafasi ya gamba. Ndiyo maana piki nyingi bado zina mabaka ya kahawia na manjano. Ni plastiki inayomwigiza mnyama wa Bahari ya Hindi.

Pwani, basi, walikuwa na unyoya. Kuka alitoka Kisa, magharibi ya Kenya, na mkono aliokuja nao Nairobi ulikuwa mtupu.

Aliingia 1961 kwa garimoshi, akiwa na miaka 18. Akapokewa na binamu yake Maringo, jina kamili Ofafa Maringo, moja ya mitaa iliyopewa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa Nairobi mwaka 1953. Ukipita Ofafa Jericho au Ofafa Maringo unapita kwenye hiyo kumbukumbu, hata kama siku hizi tunataja nusu tu ya jina. Hiyo Eastlands aliyoikuta Kuka ilikuwa imebadilishwa kwa nguvu. Aprili 1954, kwenye Operesheni Anvil, serikali ya kikoloni iliuzingira mji na kuwatoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wengi wakapelekwa vizuizini. Kazi na vitanda walivyoviacha vilijazwa na watu wa kwingine, wakiwemo vijana wa magharibi. Vijana hao walikuja na masanduku ya bati, na wengine walikuja na gitaa.

Upigaji wao unajulikana leo kama omutibo, na jina linalotajwa kwanza ni la George Mukabi, naye mtu wa Kisa, aliyefariki 1963. Vidole viwili tu ndivyo vilivyofanya kazi. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene likishika mwendo, na kidole cha shahada kikaimba juu yake kwenye nyuzi nyembamba. Pembeni mtu mwingine aligonga chupa ya soda, mara nyingi Fanta, kuweka ridhimu. Ukisikiliza bila kuangalia, unaweza kuapa kwamba kuna magitaa mawili.

Vidole viwili havikuwa vya Waluhya peke yao. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda akipiga "Masanga". Mwenda pia alitumia gumba na shahada. Sahani zake zilisafiri, na mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye mwenyewe akaja kukaa Nairobi na kupiga redioni. Edouard Masengo, Mkongo mwenzake, pia alifanya kazi hapa. Wapigaji wengi wa Kenya wa kizazi hicho walikuwa na sikio moja Katanga na lingine kijijini kwao.

Kuka alinieleza ilivyokuwa chumbani kwao. Wanaume wanne, chumba kimoja, gitaa moja. Mmoja anapika, mmoja anapiga, mmoja anagonga chupa, na wa nne analala kwa sababu ana zamu ya usiku Industrial Area. "Ndiyo maana tulipiga polepole hivo," akasema. "Kulikuwa na mtu amelala."

Hapo ndipo nilianza kuona jibu lake lilikuwa na maana gani. Mkono ule ulifaa chumba kile. Gitaa moja lilitosha kwa sababu watu walikuwa karibu. Hakuna aliyehitaji kusikika mbali.

Halafu watu wakahitaji kusikika mbali.

Kumbi zilikuwepo: Pumwani Memorial Hall, Kaloleni Social Hall. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ukumbi wake ulijaa siasa mchana na dansi usiku. Gitaa la mbao bila umeme halifiki nyuma ya ukumbi uliojaa watu wanaoburuza viatu sakafuni. Fundi Konde, mtu wa pwani aliyerudi kutoka vita vya Burma akiwa mwanamuziki wa jeshi, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Kufikia miaka ya 1960, studio ya Equator Sound ilikuwa na bendi yake: Daudi Kabaka, Fadhili William, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Twist ya Kiafrika ikapanda chati. Amplifaya zikaingia kumbini, na baadaye kwenye baa za mitaani.

Piki ilipata nafasi yake hapo. Kwenye kelele, ncha ngumu inatoa sauti kali inayokata, na mkono unaweza kwenda chini na juu haraka bila kuchoka. Lakini inalipisha. Ukiwa na piki, gumba na shahada wamefungwa pamoja. Wanafanya kazi moja badala ya mbili. Zile nyuzi nene ambazo gumba lilikuwa linatembea juu yake sasa zinahitaji mtu mwingine, kwa hivyo akaja mpiga besi. Katikati akaja wa ridhimu. Solo ikabaki ya yule wa mbele. Kazi ya mkono mmoja ikagawanywa kwa watu watatu, kama vile tu Kuka alivyokuwa akiona mchana kiwandani, ambako hakuna mtu aliyetengeneza kitu kizima.

Isitoshe, njia haikuwa moja tu. Franco Luambo kule Kinshasa alikuwa na amplifaya kubwa, lakini alijulikana kwa kuchuna nyuzi kwa gumba na kidole. Na benga, iliyokua miaka ya 1960 na kubebwa na watu kama D.O. Misiani wa Shirati Jazz, ilichukua mengi kutoka kwa nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8 inayochunwa kwa vidole vya mikono yote miwili. Wapo wapiga benga waliotafuta hiyo kasi ya nyatiti kwa piki, na wapo nilioona kwa macho yangu wakiitafuta kwa vidole. Kwa hivyo siwezi kusema piki ilishinda kwa sababu ni bora. Ilishinda kwenye baa, kwa sababu baa ndizo zilikuwa na pesa.

Kuka alijaribu. Mwenye baa mmoja alimwambia waziwazi kwamba hataki tena mtu wa chupa na gitaa kavu, anataka bendi ya umeme. Kuka akanunua piki, akafanya mazoezi wiki mbili. "Ilikuwa kama kula ugali na kijiko," akaniambia. "Unashiba, lakini mkono unauliza yeye yuko wapi." Mwaka 1974 aliuza gitaa. Pesa ilienda kwa karo ya mama yangu. Aliniambia hivyo bila huzuni, akichuna sukuma wiki, na mimi ndiye nilikosa la kusema.

Jumapili ya pili nikabeba gitaa langu. Mkono wake wa kulia sasa hutetemeka. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono yote miwili. Nilimwekea gitaa mapajani nikidhani atalishika tu kwa kumbukumbu. Gumba likaanza kutembea. Kidole cha shahada kilikosa, kikarudi, kikakosa tena. Lakini gumba halikusimama. Nilitoa simu nikarekodi sauti, dakika 11.

Kejani nikajaribu kuiga. Nikashindwa kabisa. Nilisikia noti zote, ila sikujua kidole gani kilipiga nini, gumba lilipanda hadi uzi wa ngapi, shahada ilivuta au ilisukuma. Ndipo nikagundua kwamba sahani zote za zamani tunazojivunia zina shida hiyo hiyo. Zipo, nyingine ziko YouTube, na zinatuambia kilichosikika. Hazituonyeshi mkono. Mpiga gitaa John Low, aliyechapisha historia ya gitaa la Kenya mwaka 1982, alikuwa pia amesafiri hadi Shaba, yaani Katanga ya zamani, kuwatafuta akina Mwenda na kukaa nao, kwa sababu hakuna sahani ingemfundisha vidole. Ilibidi aone.

Kwa hivyo Jumapili ya tatu nilirekodi video. Sikuchukua uso. Niliweka simu juu ya pakiti mbili za unga, kamera ikaangalia mkono wa kulia peke yake. Kuka alikasirika kidogo. "Sasa watu watajua ni mimi?" Nikamwambia watajua ni mkono wa Maringo. Akakubali.

Tulipomaliza akaomba kuona piki yangu. Nilidhani hataweza kuishika, na vile mkono unatetemeka. Aliishika. Ikatetemeka pamoja na mkono, akapiga nyuzi zote sita kwenda chini, na haikuanguka. Kisha akanirudishia, akaniambia nipige, akaangalia vidole vyangu.

"Kijana wangu, unaishika kama simu ukiwa Gikomba."

"Isianguke, Kuka."

"Itaanguka. Kila kitu kwa mkono huteleza. Wewe kazi yako ni kukirudisha kabla hakijaenda."

Hiyo ndiyo siri yote ya piki, na hakuna video ya mafunzo iliwahi kuniambia kwa ufupi hivyo. Mshiko thabiti ni ule unaosahihishwa kila pigo, kidogo kidogo, bila wewe mwenyewe kujua. Anayebana hawezi kusahihisha. Kidole kilichokaza hakihisi kipande kikianza kugeuka.

Nimefikiria hilo nikipita mitaa hii. Zile nyumba za zamani za Pangani zilishabomolewa, maghorofa yakasimama mahali pake, na kila mara kuna mpango mwingine wa kufanya hivyo kwa mitaa mingine ya Eastlands. Sina ugomvi na maghorofa. Vyoo vya kugawana na majirani havina wa kuviombolezea. Ninachouliza ni nani amekaa na wale wazee kabla hawajarudi ushago au kuzikwa Lang'ata. Sahani za Mukabi hazitapotea tena, washazihifadhi. Lakini kuna mikono mingi ambayo haikuwahi kufika studio. Ilipiga vyumbani, karibu na mtu aliyelala, na ikanyamaza wakati karo ilihitajika. Kama una mzee wa hivyo kwenu, simu unayo tayari. Weka kamera kwenye mkono.

Mwezi uliopita tulipiga tena Makadara, harusi nyingine, joto lile lile. Kwenye wimbo wa tatu nilihisi piki ikianza kugeuka. Sikubana. Niliikunja ndani ya kiganja, chini ya vidole vitatu visivyo na kazi, na nikaacha gumba litembee, shahada ikafuata juu yake. Sauti ilishuka kweli. Mpiga besi alinitazama, akasikiza, kisha akapunguza yake ili nisikike.

Nilipiga hivyo beti mbili kabla ya kuitoa piki tena. MC hakuuliza kitu.